Fahamu: Jinsi simu na kompyuta zinavyotambua mstari mnyoofu, kuanzia karatasi yako hadi paa la bati Tandale

Ukiiweka barua ya serikali ya mtaa mezani na kufungua programu ya kuskani kwenye simu, ndani ya sekunde moja fremu ya rangi inajipanga yenyewe kwenye pande nne za karatasi. Hakuna aliyeiambia simu kwamba hiyo ni karatasi. Haijui barua ni nini, wala haijui mtendaji wa mtaa ni nani. Ilichofanya ni kutafuta mistari minne minyoofu inayokutana kwenye kona nne, basi.

Kwa kijana wa Mbagala au Mwananyamala anayepandisha cheti cha kuzaliwa kwenye mfumo wa mikopo ya HESLB usiku wa mwisho, steshenari zote zimefungwa, hiyo fremu si kitu kidogo. Ikikaa vibaya, muhuri unakatwa nje ya picha.

Kazi hiyohiyo ya kutafuta mistari hufanyika pia kwenye picha zilizopigwa na droni juu ya mitaa ya Dar es Salaam. Huko mistari inakuwa nyumba, mitaro na barabara kwenye ramani. Na ramani ikishakuwa ramani, watu huiamini. Ndiyo maana inafaa kujua mstari unapatikanaje na unakosewa wapi.

Picha ni namba tu

Anza na hili: simu haioni picha kama wewe. Picha imegawanywa kwenye vidoto vidogo vinavyoitwa pikseli, na kila pikseli ni namba. Tuchukulie picha isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tu. Nyeusi kabisa ni 0, nyeupe kabisa ni 255, na kijivu cha kila aina kiko katikati.

Sasa weka karatasi nyeupe juu ya meza ya mninga. Mstari mmoja wa pikseli unaotoka kwenye meza kuingia kwenye karatasi unaweza kusomeka hivi: 58, 61, 60, 59, 214, 221, 219. Ukizitazama namba hizo hata wewe unaona mahali karatasi ilipoanzia. Ni pale 59 inaporuka hadi 214. Kompyuta hutoa namba moja kwenye jirani yake, na penye tofauti kubwa inaweka alama kwamba hapa kuna ukingo.

Shida ni kwamba picha halisi haziko safi hivyo. Umeme umekatika, unapiga kwa taa ya sola, picha inajaa chenga. Kila chenga ni mruko mdogo wa namba. Kwa hiyo kwanza picha inalainishwa kidogo, yaani kila pikseli inachanganywa na majirani zake ili chenga zipungue makali. Baada ya hapo ndipo miruko inatafutwa.

Njia inayotumika zaidi kwa hatua hii ilichapishwa na John Canny mwaka 1986. Uzuri wake uko kwenye kuweka viwango viwili badala ya kimoja. Mruko mkubwa unapita moja kwa moja. Mruko mdogo unatupwa. Ule wa katikati unaulizwa kwanza: umeshikana na mkubwa wowote? Kama ndiyo, unapita. Kama uko peke yako, nje. Ni kama mgeni anayefika shughulini bila kadi. Akija na mtu wa familia anaingia.

Matokeo yake ni picha nyeusi yenye nukta nyeupe zilizojipanga pembezoni mwa vitu. Lakini nukta zilizojipanga bado si mstari. Jicho lako ndilo linaloziunganisha. Kompyuta inaona nukta elfu ishirini, kila moja kivyake.

Nukta zinapiga kura

Mtu angesema, si waziunganishe tu moja baada ya nyingine? Haifanyi kazi. Kidole gumba chako kimefunika upande mmoja wa karatasi. Kivuli cha simu kimeangukia upande mwingine. Kona imekunjika. Ukingo umekatika sehemu tano, na katikati ya mapengo kuna nukta za michirizi ya mbao za meza.

Aliyetoa ufumbuzi hakuwa mtu wa karatasi wala ramani. Paul Hough alikuwa mwanafizikia wa Marekani. Wenzake walikuwa wakipiga maelfu ya picha za njia za chembe ndogo zinapopita kwenye chombo cha kimiminika na kuacha mistari ya mapovu, na picha hizo zilikuwa zinakaguliwa kwa macho. Hough alitaka mashine izisome. Hataza yake ilitolewa mwaka 1962.

Wazo lake, kwa lugha ya mtaani, ni uchaguzi. Wagombea ni mistari yote inayoweza kupita kwenye picha. Wapiga kura ni nukta. Kila nukta inapigia kura kila mstari unaoweza kupita kwake. Nukta moja haijui mstari wa kweli ni upi, kwa hiyo inawapa kura wagombea wengi. Lakini nukta mia tatu zilizo kwenye ukingo mmoja, pamoja na kura zao zote za ovyo, zinakutana kwa mgombea mmoja tu. Huyo ndiye anayeshinda.

Kumtaja mgombea kunahitaji namba mbili. Hough alitumia mwinuko wa mstari na mahali unapokata pembeni, kama tulivyosoma sekondari. Tatizo la njia hiyo mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili analijua: mstari uliosimama wima hauna mwinuko unaohesabika. Mwaka 1972 Richard Duda na Peter Hart, waliokuwa Stanford Research Institute huko California, walibadilisha namba hizo, na hadi leo toleo lao ndilo linalofundishwa.

Fikiria fundi ujenzi na kamba yake. Anasimama kwenye kona ya kiwanja, anavuta kamba hadi ikutane na ukuta kwa kona iliyonyooka, ile wanayoipima kwa tatu-nne-tano. Urefu wa kamba ni namba ya kwanza. Mwelekeo ilikovutwa, kwa nyuzi, ni namba ya pili. Kila ukuta mnyoofu, uwe wima, umelala au umekaa mshazari, unapatikana kwa namba hizo mbili bila kukwama.

Tujaribu na nukta tatu. Ya kwanza iko hatua 1 kulia na 5 chini. Ya pili 2 kulia na 4 chini. Ya tatu 4 kulia na 2 chini.

Kwa mwelekeo wa nyuzi 0, urefu wa kamba ni hatua za kulia tu: 1, 2 na 4. Kura zimetawanyika, kila nukta na sanduku lake. Kwa nyuzi 90 ni hatua za chini: 5, 4 na 2. Zimetawanyika tena. Kwa nyuzi 45, unajumlisha namba mbili za nukta kisha unazidisha kwa 0.707. Nukta zote tatu zina jumla ya 6, kwa hiyo zote zinatoa 4.24. Sanduku la "nyuzi 45, urefu 4.24" limepata kura tatu. Mstari umepatikana.

Ongeza nukta ya chenga iliyo 5 kulia na 5 chini. Kwa nyuzi 45 inatoa 7.07. Inaangukia sanduku lake peke yake na haimsumbui mtu. Hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Pengo haliivunji, chenga haiihonga.

Kwa picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000, ukipima kila nyuzi moja na kila hatua moja, masanduku ni zaidi ya laki nne. Nukta 20,000 zikipiga kura mara 180 kila moja, ni kura milioni 3.6. Simu ya kawaida inamaliza kuzihesabu haraka kuliko unavyosoma sentensi hii. Programu nyingi hata hazihesabu zote. Zinachukua sampuli ya nukta bila mpangilio, na mstari ukishapata kura za kutosha zinautembelea kuona unaanzia wapi na kuishia wapi.

Hilo la mwisho ni muhimu kwa sababu kura zenyewe hazisemi mwanzo wala mwisho. Zinasema tu kwamba kuna mstari, unapita hapa. Baada ya hapo programu ya kuskani inachagua minne inayounda umbo la pande nne, inapata kona zake, kisha inavuta picha hadi karatasi iliyopigwa kwa upande ionekane kama imepigwa kutoka juu.

Kwa nini skani yako inagoma

Ukishajua hayo, makosa mengi ya simu yanaeleweka. Karatasi nyeupe juu ya shuka jeupe haina mruko wa namba, kwa hiyo haina ukingo. Kwenye vigae, kila kiungo cha kigae ni mgombea halali na kina kura nyingi kuliko karatasi yako. Mkeka ni balaa zaidi, maana ni mistari mitupu iliyosukwa. Kitambaa cha mirabaraba hali kadhalika. Weka karatasi juu ya kitu cheusi kisicho na michoro: begi, jaketi, hata kiti cha plastiki cha rangi ya bluu iliyokolea kitafaa kama kina sehemu bapa.

Simu zenye kamera mbili au tatu zina lenzi ya kuona pana, ile unayobonyeza 0.5. Usiitumie kuskani. Lenzi hiyo hupinda mistari ya pembezoni, na mstari uliopinda kura zake zinagawanyika kwenye masanduku kadhaa jirani. Rudi kwenye 1, simama mbali kidogo.

Juu ya mapaa ya Dar

Sasa tupande juu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale, Kinondoni, walichora mtaa wao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 40. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliohusisha wanafunzi wa vyuo, wakazi, COSTECH, Benki ya Dunia na Humanitarian OpenStreetMap Team. Droni zikaruka juu ya kata zinazofurika. Mwaka 2016 Zanzibar ikaanza mradi wake wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, Kamisheni ya Ardhi ikiwamo na wanafunzi wa SUZA wakishiriki.

Picha zilikuwa nyingi kuliko mikono ya kuzichora. Kwa hiyo swali likaja lenyewe: kompyuta haiwezi kuziona hizi nyumba?

Kwa macho ya mtu mgeni, paa la bati ni rahisi. Lina pande nne, linang'aa. Kwa hesabu ya kura ni mtihani mgumu, na sababu zake ziko hapahapa mtaani.

Ya kwanza ni migongo ya bati. Kwenye bati la kawaida, mgongo mmoja hadi mwingine ni kama sentimita 7 na nusu. Tuseme picha ina pikseli za sentimita 5. Ili uone mgongo mmoja mmoja unahitaji walau pikseli mbili kwa kila mgongo, yaani pikseli zisizozidi sentimita 3.8 hivi. Hazipo. Badala ya migongo, picha inatoa michirizi mipana ya uongo ambayo haipo kwenye bati hata kidogo. Utakuwa umewahi kuiona kwenye TV mtangazaji akivaa shati la mistari myembamba, nguo inaanza kucheza mawimbi. Michirizi hiyo mingine ni minyoofu kabisa, na inapiga kura.

Ya pili ni kofia ya paa. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati ina paa lenye mgongo juu. Asubuhi upande mmoja unapigwa na jua, mwingine uko kivulini. Kwenye picha, mruko mkubwa kuliko yote si kati ya paa na ardhi bali kati ya nusu moja ya paa na nyingine. Kompyuta inaikata nyumba mbili. Halafu mabati mapya ya juzi yanang'aa kando ya mabati ya zamani yenye kutu, juu ya nyumba ileile, na mawe au tairi yamewekwa ili upepo usiyabebe. Nyumba moja inaweza kuhesabiwa tatu.

Kinyume chake pia kipo. Vyumba vya uani vimeongezwa mpaka vimegusana na vya jirani, kichochoro ni cha kupita mtu mmoja kwa ubavu, na mapaa yamefunika hata hicho. Hapo nyumba tatu zinageuka moja.

Jambo jingine ni la uchaguzi wenyewe. Mstari mrefu una nukta nyingi, kwa hiyo una kura nyingi. Kwenye picha moja kubwa ya Temeke, Barabara ya Kilwa au reli ya TAZARA itashinda kila kibanda. Ukishusha kiwango cha kura ili vibanda vipite, chenga nazo zinapita. Dawa ni kuikata picha vipande vidogo na kufanya uchaguzi kwa kila kipande. Inasaidia, ila nyumba iliyokatwa na mpaka wa kipande inabaki nusu huku na nusu kule.

Kariakoo na Magomeni, kulikopimwa viwanja kwa mistari, kuna kosa la aina yake. Kuta za nyumba kumi zimekaa kwenye msitari mmoja, nazo zinapigia kura mgombea mmoja. Mtaa mzima unasomeka kama ukuta mmoja mrefu. Kwa hili Manzese ina nafuu kuliko Kariakoo, jambo ambalo halisemwi mara nyingi kuhusu Manzese.

Kwa sababu hizo, kazi ya kutambua nyumba imehamia kwenye mifumo inayofundishwa kwa mifano. Kompyuta inapewa maelfu ya nyumba zilizochorwa na watu, kisha inajifunza yenyewe. Mwaka 2020 yalifanyika mashindano ya wazi ya Open Cities AI Challenge yaliyotumia picha za droni za miji ya Afrika, Dar es Salaam na Zanzibar zikiwemo. Mwaka 2021 Google ilitoa Open Buildings, kazi iliyoongozwa na kituo chake cha Accra, ikiwa na majengo milioni 516 ya Afrika kutoka picha za setilaiti. Mifumo hii inajua paa lenye kutu bado ni paa.

Lakini mistari haikuondoka. Michoro ya mifumo hiyo mara nyingi hutoka na kingo za mviringo, kama nyumba imeyeyuka juani. Inabidi inyooshwe, na hapo hesabu za pembe na mistari zinarudi. Hata mchoraji wa kibinadamu hufanya hivyo. Kwenye JOSM, programu inayotumiwa na wachoraji wengi wa OpenStreetMap, unachora paa kwa kubonyeza kona zake, kisha unabonyeza herufi Q na kona zote zinakaa nyuzi 90. Ni raha sana. Ni hatari pia, kwa sababu nyumba nyingi za Keko au Tandale hazina kona za nyuzi 90. Zimejengwa kufuata kichochoro kilichokuwepo kabla.

Mistari isiyoonekana kwenye picha

Hapa ndipo mkazi anapaswa kuwa macho. Droni huona paa. Haioni ukuta ulio chini yake, na paa huwa limetokeza nje ya ukuta. Zaidi ya hapo, haioni mpaka wa kiwanja hata kidogo. Mpaka uko kwenye bikoni, kwenye mchoro wa upimaji na kwenye makubaliano ya majirani. Leseni ya makazi, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa maeneo yasiyopangwa, inahusu kipande cha ardhi na mtu. Haihusu umbo la bati.

Mistari mingine mizito iko kwenye sheria tupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 hizo zinapimwa kuanzia ukingo, na ukingo wa Msimbazi unahama kila masika. Mto haunyooki, nukta zake hazikubaliani kwenye sanduku lolote, na kompyuta ikiusogeza ukingo mita 5 tu, safu nzima ya nyumba inavuka upande wa pili wa sheria. Waliowekewa alama ya X nyekundu na kubomolewa bondeni Kinondoni mwishoni mwa 2015 wanajua mita 5 ni nini. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 walikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro. Mstari huo haukuwa na nukta hata moja kwenye picha yoyote.

Watu wa Ramani Huria walilijua hili mapema. Mipaka ya mashina haionekani kutoka angani, kwa hiyo walienda kwa wajumbe, wakaonyeshwa shina linaishia kwa nani na linaanzia kwa nani. Mitaro iliyozibwa na taka ilifuatwa kwa miguu. Kina cha maji ya mafuriko kiliulizwa kwa walioyaona yakiingia ndani.

Ukitaka kuiona nyumba yako, fungua openstreetmap.org kwenye simu, tafuta kata yako, vuta mpaka mapaa yatokee. Ukigusa jengo kupitia kitufe chenye alama ya kuuliza utaona lilihaririwa lini mara ya mwisho na akaunti gani. Kama limeunganishwa na la jirani au limekatwa vipande viwili, unaweza kufungua akaunti bila malipo na kulirekebisha. Kinachobadilika ni ramani huria tu. Kumbukumbu za ardhi za halmashauri na wizara ziko kwingine kabisa, na huko mstari unasogezwa na mpimaji mwenye leseni.